Saa ya Mkaguzi wa Reli

Jikoni kwangu Harehills, Leeds,
meza ni moja:
alfajiri ina mkate, saa tatu ina ofisi,
usiku ina madaftari ya Abeli na makombo.
Sijatoka, nimefika kazini.
Sijatoka, nimerudi nyumbani.

Kando ya jina langu, kwenye kioo,
kuna nukta ya kijani, ndogo kama punje ya ulezi.
Nikitulia dakika tano inakuwa manjano,
na ikiwa manjano Philippa huandika:
“Uko?”
Neno moja, na kikatuni kinachotabasamu.
Niko, Philippa. Nilikuwa msalani.
Niko. Nilikuwa nageuza samaki.
Niko, niko,
mpaka neno lenyewe limenichakaa mdomoni.

Kutwa nasikiliza waliogonga magari,
waliopasukiwa na mabomba ya maji,
nawapa pole kwa Kiingereza kilichopigwa pasi.
Programu nne zinalia kwa zamu, ya tano inajisasisha.
Nywila ni ya kumi na moja mwaka huu.
Mashine inaniuliza jina la mbwa wangu wa utotoni.
Sikuwahi kufuga mbwa. Siku ile nilitunga,
na sasa sikumbuki nilimwitaje.

Mama akipiga kutoka Korogwe
mlio ni uleule wa kazini.
Moyo unaruka, naitikia kwa Kiingereza.
“Samahani,” anasema mama, “nimekosea namba.”
Anakata.

Ni Tomasz wa zamu ya jioni aliyeninong’oneza:
tafuta saa ya mishale, ilaze chali,
weka kipanya juu yake.
Mshale wa sekunde ukipita chini,
kipanya kinadhani ni mkono wa mtu.

Nyumba nzima ina saa moja ya mishale.
Niliitoa sandukuni, ndani ya soksi:
Seiko ya marehemu baba, kioo kimekwaruzika.
Baba alikuwa mkaguzi wa reli,
Korogwe hadi Mombo kwa miguu, nyundo begani,
akigonga chuma na kuinamisha sikio
kujua kipi kizima, kipi kinaumwa.

Jumanne nikailaza mezani.
Nukta ikabaki kijani.
Nikala ugali nimeketi, kwa mikono miwili,
nikanawa taratibu,
nikamsikiliza Abeli akisoma ukurasa mzima
huku babu yake akinishikia zamu.
Niliona haya kidogo. Nikaongeza mchuzi.

Alhamisi saa nane mchana: manjano.
“Uko?”
Nikainua kipanya. Mshale umeganda.
Nikaitikisa sikioni, kimya.
Ndipo nikakumbuka:
saa hii haina betri, wala haijazwi kwa kidole.
Hula mwendo wa mkono.
Baba akiwacheka wenye saa za kujaza alisema,
“Hii yangu nikilala nayo inasinzia,
nikiamka tunakwenda wote.”

Siku mbili mezani kwangu, imekufa njaa.

Nikahesabu: mara ya mwisho kutoka ilikuwa lini?
Jumapili, hadi pipa la taka.
Hatua kumi na tisa, na kurudi.

“Uko?”
“Uko?”

Nikaivaa. Ikanipwaya,
nikaisukuma juu hadi karibu na kiwiko.
Nikaandika: Natoka nusu saa.
Sikuweka tabasamu.
Simu nikaiacha juu ya friji, inatetema peke yake.

Nje manyunyu, matofali mekundu, nguo zimesahauliwa kambani.
Jirani ambaye namjua kwa kikohozi tu, ukutani,
alikuwa na uso kumbe, na kofia ya bluu.
Tuliangaliana kama abiria walioshuka kituo wasichokijua.
Nikapanda kilima, mkono nikiurusha
kama askari wa gwaride, watoto wakanicheka.

Mbele ya duka la Mkurdi nikahisi kitu
kikitekenya ngozi: tik, tik.
Nilitazama. Ilisema saa kumi alfajiri,
au jioni, ni ileile.
Ilikosea.
Nikaiacha ikosee, nikaendelea kupanda.